Kilichoandikwa kwa Mkono

Mtu akitaka kumjua mwalimu mkuu asimtazame asubuhi mstarini, kwa maana hapo kila mwalimu mkuu huonekana hodari. Na aombe ufunguo wa stoo. Humo, nyuma ya majembe na madawati yaliyovunjika miguu, ndimo atakapojua kama shule ile ina mwenyewe au haina.

Neno hili si langu. Nililisikia mwaka 1971, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, kutoka kwa mkufunzi wetu wa somo la uendeshaji wa shule. Alikuwa mtu mfupi na mpole, lakini katika habari ya mafaili hakuwa na masihara. Alitufundisha kuwa shule ina vitabu visivyopaswa kupotea hata kama paa litaezuliwa na upepo: daftari la uandikishaji wa wanafunzi, madaftari ya mahudhurio, kitabu cha matukio ya shule, na leja ya vifaa. Tuliyakariri hayo kama tulivyokariri majina ya mito. Mtihani ulipokuja niliyaandika yote, nikapata alama za juu. Miaka kumi na sita baadaye nilifanya kosa ambalo hata mwanachuo mgeni asingelifanya, na kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Leo nitalisimulia. Ila sitaanzia hapo, kwa sababu mimi mwenyewe sikulielewa vema kosa langu mpaka nilipofundishwa na mjukuu wangu, tena kwa njia ya kompyuta.

Mjukuu huyo ni binti, mtoto wa binti yangu wa pili. Alisomea uhandisi, akapata kazi Dar es Salaam katika karakana ndogo inayotengeneza vifaa vya kupimia maji. Mwezi Machi mwaka 2025 alikuja kukaa nasi hapa Iringa kwa mwezi mzima, kwa kuwa bibi yake alikuwa akiumwa miguu, na kazi yake, alivyosema, ingeweza kufanyika mahali popote penye umeme. Akatandaza vitu vyake juu ya meza ya chakula: kompyuta mpakato, nyaya za rangi mbalimbali, na kijibao cha kijani kisichozidi sana ukubwa wa kitambulisho cha taifa.

"Babu, hiki kijibao ni kompyuta kamili," aliniambia. "Kinaitwa Raspberry Pi. Kitakaa juu ya tangi la maji la shule, kisome kina cha maji na kutuma taarifa kwa njia ya simu."

Nikamwuliza kwa nini asinunue programu iliyo tayari, akaitia humo, akamaliza. Akanieleza hivi. Kompyuta ya mezani huja na mfumo mkubwa wenye kila kitu, kwa kuwa haijulikani mwenye kuinunua atataka kufanya nini. Kijibao cha kazi moja hakihitaji michezo wala muziki. Kinahitaji mfumo mdogo, unaojulikana kila kilichomo, na unaoweza kutengenezwa upya vilevile mwakani vijibao mia moja vitakapoagizwa. Kwa hiyo mafundi wa kazi hiyo huujenga mfumo wao wenyewe kutoka mwanzo.

Mfumo wenyewe ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland. Chombo cha kuujengea alichotumia mjukuu wangu kinaitwa Yocto Project. Kilitangazwa mwaka 2010 chini ya Linux Foundation, juu ya msingi wa kazi nyingine iitwayo OpenEmbedded iliyoanza mwaka 2003. Neno yocto nililifahamu, maana nilifundisha hesabu: ni kipimo cha sehemu moja ya namba yenye moja na sifuri ishirini na nne. Mradi ulipopewa jina hilo, hapakuwa na kiambishi rasmi cha vipimo kilichokuwa kidogo zaidi. Mwaka 2022 viliongezwa viwili vidogo kuliko hicho. Nilipomwambia habari hiyo alicheka, akasema kumbe babu naye ana cha kufundisha. Basi tangu siku ile ikawa desturi: jioni, baada ya chakula, yeye ananionyesha kazi yake na mimi nauliza maswali.

Nilitarajia kuona mambo ya ajabu. Nilichokiona ni makabati, yaani folda ndani ya folda, kila moja na jina lake na kazi yake. Nikajisikia niko nyumbani. Nilikuwa nimerudi masijala.

Toleo alilokuwa akilitumia ni la 5.0, liitwalo scarthgap, lililotoka mwaka 2024. Folda kuu ilikuwa na jina poky. Ndani yake mlikuwa na folda ya bitbake, ambayo ndiyo mtendaji wa kazi yote. Wenyewe wameazima lugha ya jikoni: jina hilo linahusu kuoka, na maelekezo ya kutengeneza kila programu huyaita resipi. Resipi husema msimbo wa programu upakuliwe wapi, urekebishwe nini, ujengwe vipi, na matokeo yawekwe wapi. Kando ya bitbake kulikuwa na folda ya meta yenye resipi za msingi, na nyingine ambazo majina yao nayo yanaanza na neno meta. Kila moja ya hizo huitwa tabaka. Moja yao, meta-raspberrypi, ilishika mambo yanayokihusu kile kijibao peke yake.

"Sheria ya matabaka ni moja, Babu," alisema. "Usiandike juu ya kazi ya mwenzio. Ukitaka kubadilisha resipi ya mtu, unatengeneza tabaka lako na kuweka mabadiliko yako humo. Mwenzio akitoa toleo jipya unalichukua bila kugombana naye."

Mwalimu yeyote atalielewa jambo hili. Mtaala hutoka wizarani. Hakuna mwalimu mwenye akili anayechukua kalamu nyekundu akaandika juu ya nakala ya mtaala. Huandika azimio lake la kazi, kisha andalio la somo, kila kimoja katika daftari lake. Wizara ikibadilisha mtaala, mwalimu hurekebisha azimio. Na mwalimu akihama shule, mtaala haukuchafuliwa. Nilimwambia hivyo, naye akalinukuu neno langu kwenye daftari lake.

Nje ya hayo matabaka palikuwa na folda moja iitwayo build, na hii ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu ndani yake vitu vya hadhi tofauti vilikaa bega kwa bega. Mlikuwa na folda nne kuu. Ya kwanza, conf, ilikuwa na mafaili madogo mawili muhimu: local.conf, ambamo fundi hutaja mashine anayoijengea na matakwa mengine, na bblayers.conf, ambamo huorodhesha matabaka atakayoyatumia. Ya pili, downloads, ilihifadhi kila msimbo uliopakuliwa. Hiyo ilimgharimu mabando ya simu kwa siku kadhaa, maana kwetu hapa intaneti huja kwa hisani ya mnara ulio mlima wa pili. Ya tatu, sstate-cache, ilitunza matokeo ya kazi zilizokwisha fanyika, ili zisirudiwe pasipo sababu. Ya nne ilikuwa tmp, ambamo kazi yenyewe ilifanyika na ambamo mfumo uliokamilika huwekwa. Hiyo tmp ilikuwa imevimba hadi makumi ya gigabaiti.

"Tmp maana yake ni ya muda," aliniambia. "Unaweza kuifuta wakati wowote. Itajengwa tena."

Nikalishika neno hilo.

Chombo kile kilikuwa na ukali ambao niliupenda. Siku ya kwanza nilimshauri aiite folda yake kuu Kazi ya Tangi, jina lenye adabu. Kikakataa kuanza kazi, kwa sababu kulikuwa na nafasi kati ya maneno, na baadhi ya zana za zamani zinazotumika katika ujenzi huo hazielewi anwani yenye nafasi. Kinakataa pia kuendeshwa na mtumiaji mkuu wa mashine, yule mwenye ruhusa zote, kwa kuwa mwenye ruhusa zote akikosea huharibu nyumba nzima. Na ukiihamisha folda ya tmp kutoka mahali ilipozaliwa, kinagundua. Kinakuambia uirudishe ilipokuwa au uifute, kwa maana vilivyomo ndani vimeandika anwani yake ya kwanza.

Lakini jambo lililonichukua siku mbili kulielewa ni lile la mazingira. Kabla ya kutoa amri yoyote, alikuwa anafungua dirisha jeusi la amri, anaandika nukta, anaacha nafasi, kisha anaandika jina la skripti moja: oe-init-build-env. Nikamwuliza hiyo nukta ya nini.

Akaeleza kuwa kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta imezungukwa na mazingira: orodha ya majina na thamani zake, mfano mahali zana zilipo, mahali pa kufanyia kazi, lugha, na kadhalika. Programu ikizaa programu nyingine, mtoto hurithi nakala ya mazingira ya mzazi. Lakini mtoto akibadilisha chochote, mabadiliko hayamrudii mzazi. Anakufa nayo. Sasa, skripti ile kazi yake ni kuandaa mazingira: inaonyesha bitbake iko wapi, inatengeneza folda ya build na yale mafaili mawili ya conf kama hayapo, kisha inakuingiza humo. Ukiiendesha kama programu ya kawaida ingekuwa mtoto, ingeyaandaa mazingira yake na kufa nayo. Kwa hiyo skripti hiyo inagundua na kukukatalia. Nukta maana yake ni hii: usizae mtoto, yasome maneno haya wewe mwenyewe, hapa hapa ulipo.

Nilicheka mpaka bibi yake akauliza kulikoni. Ni mara ngapi nilimtuma kiranja darasani kutangaza utaratibu mpya, akautangaza, na darasa likabaki vilevile? Mwalimu akitaka darasa libadilike, aingie mwenyewe. Na akitoka, dirisha likifungwa, ayaandae tena kesho.

"Lakini kuna jambo jingine," mjukuu wangu aliongeza. "Bitbake ikianza kazi, huyatupa karibu mazingira yote ya mtu, ikabakiza machache yaliyoruhusiwa. Inataka mfumo nitakaoujenga mimi hapa Iringa usitofautiane na utakaojengwa na mwenzangu Dar kwa sababu tu mashine zetu zina mazoea tofauti. Ukitaka jambo lihesabiwe, liandike kwenye faili. Lisilo kwenye faili halipo."

Lisilo kwenye faili halipo. Mkufunzi wetu wa mwaka 1971 angalimkumbatia.

Wakati ule mjukuu wangu alikuwa na tatizo na kile kijibao. Kipimo chake cha maji kilifanya kazi kwa sauti: kilitoa mlio usiosikika, mlio ukagonga uso wa maji na kurudi, na kwa muda uliopita programu ikakisia kina. Lakini mwendo wa sauti hubadilika kwa joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 0 sauti huenda takriban mita 331 kwa sekunde. Ikiwa nyuzi 20, takriban mita 343. Dar es Salaam tatizo halikuonekana sana. Hapa kwetu, ambako alfajiri mtu huvaa sweta, kipimo kilidanganya asubuhi na kusema kweli mchana. Kwa siku tatu tuliamka saa kumi na moja kasorobo, tukaenda kwenye tangi letu la nyuma ya nyumba. Yeye alisoma namba kwenye kompyuta, mimi nikashuka na ufito wenye alama kupima kina halisi. Kila asubuhi alirekebisha programu kidogo, mpaka asubuhi ya tatu namba zikakubaliana.

Siku ya nne alimpeleka bibi yake hospitali mjini. Aliacha kompyuta ikijenga mfumo, akaniomba nisilifunge lile dirisha jeusi. Saa sita mchana akapiga simu kuuliza imefikia wapi. Nikamsomea maandishi yaliyokuwepo. Kazi ilikuwa imesimama yenyewe, kwa kuwa diski ilikaribia kujaa.

"Babu, utaweza kuandika nitakachokutajia, herufi kwa herufi?"

"Nimefundisha imla miaka thelathini na minane," nilimjibu.

Akanitajia. Nilimwuliza mara mbili: tusiifute downloads? Hapana, Babu, yale ni mabando. Ile ya sstate je? Hapana, iache. Tmp tu. Nikaandika rm -rf tmp, nikasoma kwa sauti, akasema sawa, nikabonyeza. Kisha akanitajia amri ya kuanza ujenzi upya, nayo nikaiandika. Ilikwenda mbio, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imehifadhiwa kwenye sstate-cache. Waliporudi jioni mfumo ulikuwa tayari. Nilijiona fundi.

Alipouweka mfumo kwenye kijibao na kupeleka tangini alfajiri iliyofuata, kikaanza kudanganya kama mwanzo.

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kompyuta mapajani, akitafuta. Baadaye akaifunga taratibu. Zile siku tatu, kwa haraka, alikuwa akirekebisha programu ndani ya folda ya tmp/work, pale pale bitbake ilipokuwa imefungua msimbo kwa ajili ya kazi yake. Ipo njia halali ya kufanya marekebisho, iitwayo devtool, ambayo huutoa msimbo nje na kuuweka katika folda yake pembeni, kisha huyageuza mabadiliko kuwa viraka ndani ya tabaka lako. Aliijua. Alisema kila jioni kuwa atafanya hivyo kesho. Kazi ya mikono yake ilikuwa imelala katika folda ya vitu vya muda, nami niliifuta kwa amri yake, wala mashine haikuuliza.

"Si kosa lako, Babu," alisema. "Nilikuambia ufute."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha fika mbali, nyuma ya shule moja, mwaka 1987.

Nilikuwa na miaka mitatu katika kiti cha mwalimu mkuu pale. Tulipata barua kuwa wakaguzi watakuja. Stoo ilikuwa imejaa mchwa na panya, na kwenye kona palikuwa na lundo la makaratasi lililofunikwa turubai. Juu ya turubai mtangulizi wangu aliacha kipande cha kadibodi kilichoandikwa: Za zamani. Nilifunua juu juu. Nikaona mitihani ya ndani ya miaka iliyopita, magazeti, mabango yaliyoliwa na mchwa. Nikawaita wanafunzi wa darasa la sita, wakabeba lote, tukachoma nyuma ya vyoo. Wakaguzi walipokuja waliisifu stoo yetu, nalo neno la sifa likaandikwa kwenye kitabu cha wageni.

Jioni ya siku ya moto, nilipokwenda kuona kama makaa yamezimika, nilikuta jalada gumu ambalo halikuungua vizuri. Lilikuwa daftari la uandikishaji la miaka ya 1968 hadi 1976. Ndani hapakuwa na kitu ila majivu yaliyoshikana. Nililisukuma kwa fimbo, likavunjika. Sikumwandikia mtu barua, wala sikuingiza habari hiyo kwenye kitabu cha matukio ya shule.

Mwaka 1999 nilikuwa nimerudishwa shule ile ile kwa mara ya pili. Akaja mtu wa miaka thelathini na kitu, amevaa shati lililopigwa pasi. Alianza darasa la kwanza mwaka 1972, akaacha shule darasa la sita baba yake alipofariki, kwa hiyo hakuwa na cheti cha kumaliza wala jina lake halikuwa kwenye matokeo ya mtihani wowote. Alikuwa amepata nafasi ya udereva mahali pazuri, wakamtaka cheti cha kuzaliwa. Na huko nako wakamtaka ushahidi wa maandishi wa umri wake. "Nimeambiwa shule ina daftari, mwalimu," alisema.

Nilisimama, nikafungua kabati. Nilipekua faili moja baada ya jingine, nikijua hakuna. Kisha nikamwambia kuwa madaftari ya miaka hiyo yaliliwa na mchwa. Nilimwandikia barua ya kueleza kuwa shule haina kumbukumbu, nikaigonga muhuri. Barua ya namna hiyo haimsaidii mtu. Nafasi ile alipewa mwingine.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mjukuu wangu pale kwenye ngazi ya jikoni, na alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Alisema kuwa ubaya wa lundo lile haukuwa uzee wake. Ubaya wake ni kuwa lilichanganya vitu vinavyoweza kutengenezwa tena na vitu visivyoweza. Mtihani wa ndani ukichomwa, mwalimu atatunga mwingine. Daftari la uandikishaji likichomwa, hakuna mwenye uwezo wa kulitunga. Mfumo mzima wa kijibao, wenye maelfu ya mafaili, ulirudi kwa muda mfupi baada ya kufutwa, kwa kuwa mashine iliutengeneza na mashine inaweza kuutengeneza tena. Mistari aliyoiandika yeye haikurudi, hata mmoja.

Kilichotuokoa kilikuwa kitu kidogo. Kwa mazoea yangu ya zamani, zile asubuhi tatu nilikuwa nimeandika vipimo vyote kwenye daftari la mazoezi la shilingi mia kadhaa: saa, joto, namba ya kompyuta, na kina cha ufito. Hakuna aliyeniagiza. Nilikwenda chumbani nikalileta. Kwa vipimo vile hatukuhitaji kuamka alfajiri tena. Alihitaji kuandika upya hesabu tu, na kazi ya siku tatu ikamchukua siku moja na nusu.

Safari hii alianza kwa kupanga. Alitengeneza tabaka lake mwenyewe, akaliita meta-tangi, akaliweka nje kabisa ya folda ya build. Marekebisho akayaweka humo kama kiraka, pamoja na faili dogo linaloiambia resipi ikichukue. Tabaka lote akaliingiza kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko pamoja na historia yake, na nakala akaituma Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Downloads na sstate-cache nazo akazitoa nje ya build, akaandika mahali pake kwenye local.conf, na nakala ya local.conf akaihifadhi pamoja na tabaka lake, maana nayo imeandikwa kwa mkono. Sasa build ikabaki na vitu ambavyo mtu anaweza kuvifuta na kwenda kulala. Mwisho akaandika ukurasa mmoja wa maelezo: anza hapa, andika nukta na skripti hii, kisha amri hii. Akanipa mimi niufuate peke yangu, yeye akiwa bustanini. Mfumo ukajengeka, na asubuhi kijibao kikasema kweli.

Alipoondoka, nami nilifanya kazi yangu. Nilitoa sanduku langu la bati chini ya kitanda, nikalipanga kwa sheria ile ile: vinavyopatikana kwingine huku, visivyopatikana popote huku. Fungu la pili lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Kisha nikachukua daftari jipya nikaandika, kwa kumbukumbu zangu na za wazee wawili wa kijiji kile, majina ya watoto walioandikishwa miaka ile, tuliyoyakumbuka. Yalifika mia moja na kumi na tatu. Juu nikaeleza bila kuficha kwa nini daftari la kwanza halipo na nani alilichoma, nikatia sahihi, nikalipeleka shuleni. Najua halina nguvu ya hati. Lakini lisilo kwenye faili halipo, na kosa langu nalo lilistahili kuwepo.

Yule dereva nilimtafuta. Anaishi kijiji cha jirani, ana wajukuu. Nilimweleza ukweli wote tukiwa tumekaa chini ya mparachichi wake.

"Nilijua tangu siku ile, mwalimu," alisema. "Ulikuwa ukipekua kabati kama mtu asiyetarajia kuona kitu."

Kisha akamwita mkewe alete chai.

Ndugu msomaji, huenda hutajenga mfumo wa kompyuta maishani mwako, wala mimi sitajenga mwingine. Lakini una stoo, au sanduku, au bahasha iliyo juu ya kabati. Kabla hujaishika kwa ajili ya kufanya usafi, jiulize swali moja tu kwa kila karatasi: hii ikipotea, yupo wa kuitengeneza tena? Kama hayupo, itoe kwenye lundo leo, ipe mahali pake, na uandike juu yake jina linalosema ni nini. Maneno "za zamani" si jina.